Ufunguo Mfukoni mwa Mwingine

Huenda, msomaji mpendwa, siku moja ukawa muuguzi au tabibu, ukatamani kuvuka bahari ili ufanye kazi yako ugenini. Nakusimulia lililonipata mimi, si kwa kuwa ni la kujivunia, bali kwa kuwa mjinga mmoja aliyekwisha lipa ada huweza kuwaokoa werevu wengi.

Mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya wahudumu wa afya, na wauguzi wengi tukaingiwa na hamu ya safari. Lakini mlango wa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza haufunguki kwa hamu. Mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba anakijua Kiingereza. Baraza la nchi yake lithibitishe usajili wake. Afanye mtihani wa kompyuta wa hesabu na wa uuguzi. Na mwisho atahiniwe kwa matendo, huko Uingereza, katika vituo 10. Niliposoma masharti hayo nilichoka kabla sijaanza. Nikatafuta mshauri.

Alikuwa na ofisi safi na ulimi mtamu. Nilimlipa shilingi 60,000, akiba ya mwaka mzima, naye akaniambia nisijisumbue kwa lolote. Akanifungulia akaunti kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe, na neno la siri akaliweka yeye. Jina langu lilikuwa mlangoni, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Mtihani wa Kiingereza, uitwao IELTS, nilikuwa nimekwisha ufaulu mapema mwaka 2022, na matokeo yake huishi miaka 2 tu. Mwezi wa kwanza mshauri alijibu kila swali. Mwezi wa tatu alijibu, "Subiri." Mwezi wa sita hakujibu tena. Nikipiga simu, hulia mpaka ikatike. Nikienda ofisini, karani husema bwana ametoka sasa hivi. Nami, ajabu iliyoje, nilichelea kumwudhi mtu niliyemlipa fedha zangu! Mama alipouliza, "Mwanangu, barua imefika?" nilijibu iko njiani. Kimya cha mtu mwingine kikanifundisha uongo.

Asubuhi moja, tulipomaliza zamu ya usiku, muuguzi mwenzangu aliniuliza, "Dada, wewe mwenyewe umewahi kuliandikia Baraza?" Sikuwa na jibu. Jioni ile niliandika. Baada ya kuthibitisha kwamba mimi ndiye mimi, nilielezwa kuwa uthibitisho kutoka Kenya haujafika, nao walikuwa wameniuliza mara mbili, kwa anwani ile nisiyoweza kuifungua. Nikaenda Nairobi, katika Baraza letu la Wauguzi, nikajaza karatasi na kulipa ada. Kazi niliyoiogopa mwaka na zaidi ilinichukua asubuhi moja. Lakini uthibitisho ulipofika Uingereza, matokeo yangu ya Kiingereza yalikuwa yamekwisha muda wake kwa siku 9. Nikaufanya mtihani upya, nikaulipia upya. Zile shilingi 60,000 sijaziona tena.

Sisemi kwamba washauri wote ni wabaya; la hasha. Wako waaminifu, na njia ngumu huhitaji mwongozaji. Lakini mwongozaji hulipwa akuonyeshe njia. Hawezi kulipwa awe wewe. Kwa hiyo, soma masharti kabla hujatafuta msaada. Akaunti yenye jina lako iwe kwa anwani yako. Taka risiti, na kila ahadi iandikwe pamoja na tarehe yake. Na kimya kikizidi, usibishe hodi mwezi baada ya mwezi penye mlango uliofungwa; nenda ukaulize penye chanzo cha habari.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nilikariri methali hiyo shuleni, kama uikaririvyo wewe leo, nikapata alama zake zote. Wodini sikukubali hata siku moja kutia sahihi dawa nisiyoisoma. Ila karatasi za maisha yangu mwenyewe nilimwachia mtu mwingine azisome, nami nikaketi kungoja aniambie zimesemaje.