Bukavu: Zinki isiliwe bure ndani ya betri
Mtaani Kadutu, fundi mmoja wa redio huunganisha vikombe vya maji ya chumvi, zinki na vijiti vya kaboni kutoka mawe ya tochi yaliyokwisha. Awali alitumia ndimu. Asidi ikala zinki hata taa ikiwa imezimwa. Sasa waya wa shaba anaufunga juu, usiguse maji, maana shaba na zinki zikigusana majini, zinki huliwa haraka. Taa ikizimwa, anatoa zinki, anaiosha, anaikausha. Zebaki iliyotumiwa zamani kuilinda anaikataa: ni sumu. Binti yake anajitayarisha kwa mtihani wa serikali, na umeme haufiki kila usiku. Zinki ikidumu, naye anasoma.