Ukuta Mmoja, Vyumba Viwili



Ndugu zangu, leo nina jambo linaloniuma, na mkosaji ni mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, msikiti wetu ulipokarabatiwa, niliwashawishi wenzangu tuiondoe mihrabu ya zamani ya mawe ya matumbawe tuweke vigae. Vya kung'aa, na mfadhili yupo. Mzee mmoja akanitazama, akasema tu: "Shekhe, hiyo ni kazi ya watu." Nikamwona anapinga maendeleo.

Juzi nimeletewa sega la asali. Nikakaa nalo nikilitazama. Maumbo yenye pande na pembe sawa yanayopangana yenyewe kwa yenyewe bila kuacha mwanya ni matatu tu: pembetatu, mraba na lile la pande sita. Nyuki wamechukua la pande sita, na mwaka 1999 mwanahisabati Thomas Hales akathibitisha kwamba hakuna namna ya kugawa eneo katika vyumba vya ukubwa sawa kwa kuta fupi kuliko hiyo. Subhanallah! Na sisi tuna sura nzima yenye jina la nyuki. Lakini kilichonishika mimi ni kidogo kuliko hicho: kila ukuta ni wa vyumba viwili. Bomoa chumba kimoja, umewaachia wazi majirani sita.

Ndipo nikaikumbuka mihrabu yetu. Tao ndani ya tao, ukingo ndani ya ukingo, kila mmoja mdogo kuliko uliotangulia, mpaka jicho linafika katikati na kutulia. Mawe yenyewe hayakulingana. Fundi alilichonga kila moja kwa kufuata lile lililokwishakaa pembeni yake. Aliyefika Kizimkazi, Unguja, akaiona mihrabu yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, anajua ninachosema.

Vigae vyetu vimelingana vyote, na hakuna kinachomjua mwenzake. Kwenye tao ilibidi vikatwe vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo ninavyoviona kila nikisimama kuswalisha. (Najua, macho yangekuwa mahali pa kusujudu. Niombeeni.)

Alhamdulillah, mawe hayakutupwa. Yamerundikwa nyuma ya mahali pa kutawadhia. Jumamosi baada ya Alfajiri, inshaallah, naenda na fundi kuyapanga chini tuone mangapi yamesalia. Yule mzee nimemwendea nyumbani kumwomba radhi na kumwomba aje, maana ndiye pekee anayekumbuka lipi lilikaa wapi.