Hisabu za Maboga na Mizuka



Kila unapofika mwezi wa Oktoba, watoto wetu wanaosoma Marekani hurudi nyumbani na karatasi za mazoezi zilizopambwa kwa maboga, popo, buibui na mizuka. Ni matayarisho ya Halloween, usiku wa tarehe 31. Hisabu zenyewe aghalabu hazina ila: nyumba 6 zikitoa peremende 4 kila moja, jumla ni ngapi? Na katika lugha: mzuka mweupe ameruka juu ya boga kubwa, vivumishi ni vipi?

Mwaka jana mpwa wetu aishiye Columbus, Ohio, alitutumia picha ya karatasi kama hiyo, kisha akatupigia simu. Mumewe alitaka irudishwe shuleni bila kujazwa. Yeye akichelea mwana kukosa somo. "Mjomba, tufanyeje?" akauliza. Nyuma yake tulimsikia mtoto mwenyewe, wa miaka 8, akiuliza lililomkera yeye: je, mwalimu atampa sufuri?

Swali la mtoto lilitulemea kuliko la mama yake.

Baba alikuwa na hoja. Wanahistoria wengi huinasibisha Halloween na Samhain, sikukuu ya Wakelti wa kale wa Ireland na Scotland, walioitakidi kuwa usiku huo wafu huwarejea walio hai. Wahamiaji wa Ireland waliieneza Marekani katika karne ya 19. Itikadi hiyo si yetu, na mzazi kuhadhari si kosa.

Lakini tulikumbuka nasi tulivyosomeshwa. Chuoni tulifunzwa nahau kwa mfano mashuhuri wa Zaidi aliyempiga Amri: Zaidi akipewa dhuma kwa kuwa ndiye mtenda, Amri akipewa fat-ha kwa kuwa ndiye mtendwa. Zaidi alimpiga Amri ubaoni miaka nenda miaka rudi, wala hatukumwona mwanafunzi aliyetoka akiamini kwamba kupiga watu ni jambo jema. Tulichotoka nacho ni irabu. Mfano ni chombo, somo ndilo lililomo ndani yake.

Hata hivyo, chombo nacho kina harufu yake. Zaidi hakuwa na sherehe ya kualikwa. Mzuka wa karatasini hufuatwa na vazi la mzuka, kisha kubisha hodi milangoni usiku. Hapo ndipo tulipoona pana mpaka.

Basi tukamjibu: hisabu aifanye, kwani kuzidisha 6 kwa 4 ni elimu, na asiyejua hisabu hawezi kugawa mirathi penye thumuni, sudusi na thuluthi. Mavazi na mizunguko ya usiku ayaache. Baba amwandikie mwalimu mapema, kwa adabu, aombe karatasi nyingine ya somo lilo hilo. Na mtoto aelezwe sababu kwa upole, asije akadhani dini yake ni orodha ya kunyimwa.

Baba alikubali kwa shingo upande. Mwalimu alileta karatasi yenye picha za majani yanayopukutika, na mtoto, kwa hofu yake ya sufuri, akazijaza zote mbili.

Nasi tulioko Pwani tusijione mbali. Karatasi hizi zi tele katika intaneti, na mama atafutaye mazoezi ya mwanawe ataziona kabla ya nyingine. Dawa si kulalamika, ni kutunga zetu. Mama amekaanga kaimati 24, wageni ni 6, kila mmoja apate ngapi? Bibi mkarimu amemimina kahawa chungu. Vivumishi ni vipi? Kalamu na daftari vyatosha, na mtoto atafurahi kuiona nyumba yao ndani ya somo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, walio karibu na walio ng'ambo, na awaruzuku elimu yenye manufaa. Amin.