Kisiwa kilichouzwa kwa vitambaa (Sehemu ya 9)

Leo uji na chanjo tunaviweka pembeni kidogo. Twendeni Kilwa Kisiwani, kwenye ule Msikiti Mkuu wa kale. Wajawazito msitoke, mwishoni kuna lenu.

Wazee husimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kwa jahazi kutoka Shirazi, akamkuta mtawala wa kisiwa na kuomba anunue. Bei? Vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa kizima! Ali akalipa, mtawala akahamia bara na nguo zake. Baadaye akajuta. Enzi hizo, wanasema, maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, basi akapanga kurudi na watu wake wamuue mgeni. Alipofika ufukweni akakuta maji hayapwi tena. Wengine wanasema Ali alichimba mkondo ukawa na kina. Wengine wanasema ilisomwa Kurani, ikatolewa kafara, bahari ikakaa palepale.

Hiyo ni hadithi. Msikiti wenyewe unaushika kwa mkono. Ulianza karne ya 11, ukapanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, na aliandika kuwa watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa karama, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita hapa.

Na walijenga kwa nini? Matumbawe, jamani. Yakitoka baharini ni laini, yanachongeka, yakikauka yanakuwa magumu. Mengine yalichomwa juu ya magogo yakawa chokaa. Sehemu ile iliyoongezwa ilianguka, ikajengwa upya karne ya 15, na zile kuba na nguzo za pembe nane unazoziona leo ni za ujenzi huo wa pili. Kulikuwa na kisima na birika za kutawadhia, mtu anaosha miguu kabla ya kuingia. Usafi kwetu pwani haukuletwa na sabuni ya dukani!

Mwaka 1981 UNESCO iliyaweka magofu haya kwenye Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakaingia orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa 2014 baada ya kukarabatiwa. Ila bahari bado inakula ufukwe, na mikoko ikikatwa inakula haraka zaidi. Ukiwapeleka watoto, wasipande kuta wala kubeba jiwe hata moja la kumbukumbu.

Sasa mjamzito wangu wa kisiwani. Ule mkondo wa kwenye hadithi ulimwokoa Ali, lakini wewe uchungu ukikushika saa nane usiku na upepo umechafuka, unakuzuia. Kwa hiyo wiki za mwisho zikikaribia, hamia bara kwa shangazi au wifi, nauli ya mashua iwe imetengwa, na baba mtoto ajue nani ataamshwa. Ukiona damu, kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, homa kali, au mtoto hachezi, usingoje asubuhi wala maji kujaa. Amsha watu, mvuke.

Mwambie na jirani yako asiye na simu. Tukutane sehemu ya 10.