Mawimbi Yapandayo Angani

Kila nionapo mawingu ya radi yakikusanyika alasiri, hufikiri kwamba nguvu yake haiishii katika mvua. Joto la jua, pamoja na joto litokalo mvuke ugeukapo maji, husukuma hewa ikafanya mawimbi, kama ziwa lililotupwa jiwe. Mawimbi hayo hupanda. Kadiri hewa inavyopungua uzito ndivyo yanavyokua, hata yafike kilomita 100 na zaidi, ambako miali mikali ya jua huitia hewa umeme.

Mwaka 2006 wataalamu waliochunguza picha za IMAGE, setilaiti ya Marekani, walitangaza kwamba chembe za umeme huko juu huzidi wingi katika sehemu nne kuizunguka dunia. Tatu katika hizo zimeelekeana na nchi zenye radi nyingi: bonde la Amazon, bonde la Kongo, na Indonesia.

Jambo hili si dogo. Ishara za setilaiti ziongozazo meli na ndege hupenya tabaka hilo, nalo likichafuka ishara hupotoka. Basi nahodha baharini aweza kuguswa na dhoruba ya msituni asiyoisikia ngurumo yake. Atakaye kuijua mbingu ya juu hana budi kuyajua mawingu ya chini.