Tuulizwe Sheria Ingali Muswada

Sisi watu wa Bogoro tumezoea kutoa ushuhuda. Kijiji chetu kipo kwenye njia ya Bunia kwenda Kasenyi. Tarehe 24 Februari 2003 kilishambuliwa alfajiri, na watu wakauawa hata katika madarasa ya shule walimokimbilia. Baadaye wengine wetu walisafiri mpaka The Hague, wakasimama mbele ya mahakimu, wakaeleza waliyoyaona. Mwaka 2014 Germain Katanga alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Lakini yafaa kukumbuka lililofuata. Kabla ya kuamuru fidia, walioumizwa waliulizwa: Mwataka nini? Mgeni angalidhani tutaomba mnara wa kumbukumbu. Sivyo. Waliokataa mnara na sherehe walikuwa wengi, kwa kuogopa kuamsha ugomvi na majirani. Walitaka msaada wa nyumba, masomo ya watoto, kazi ya kuleta pato, na faraja kwa mioyo iliyovunjika. Amri ya tarehe 24 Machi 2017 ilitaja mambo hayo hayo manne. Katika maombi 341, yalikubaliwa 297, na kila mtu akaandikiwa dola 250 kama ishara. Kwa dola 250 mtu hajengi nyumba, tusidanganyane. Hata hivyo, aliyeulizwa alijibu, na jibu lake likaonekana katika amri.

Liko neno lililobaki. Mahakimu walikiri kwamba wanawake walinajisiwa siku zile, ila hawakumtia Katanga hatiani kwa uovu huo. Basi fidia ya 2017 haikuhesabu jeraha hilo. Ndiyo maana sheria ya Kongo ya tarehe 26 Desemba 2022, ya kuwalinda na kuwalipa fidia watu walionajisiwa wakati wa vita na walioumizwa kwa makosa makubwa mengine, ilitugusa sana. Ni sheria njema. Lakini ilipokuwa muswada sisi hatukuiona. Tulisikia habari zake ilipokwisha kutiwa sahihi. Tungaliuona ule muswada, mama zetu wangaliuliza maswali ambayo mtu wa mjini huenda asiyawaze. Mwanamke ambaye karatasi zake zote ziliungua athibitishe namna gani jambo la mwaka 2003? Aende kusema wapi, jirani asijue?

Wengine husema sheria ni kazi ya wasomi. Hatukubali. Jirani zetu wa Kenya, kwa kifungu cha 118 cha Katiba yao ya 2010, wameliagiza Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria, na mwananchi aweza kupeleka maoni yake juu ya muswada. Nasi tunayo Katiba ya 2006. Kifungu cha 27 champa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuwaandikia wakuu wa serikali ombi, nao wapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kifungu cha 142 chaagiza kila sheria ienezwe kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60 tangu kutangazwa.

Njia hizo zatufaa zaidi sisi wa Ituri, kwa maana utawala wa kijeshi ulipoanza tarehe 6 Mei 2021, baraza la jimbo lilisimamishwa, na sikio lililokuwa karibu nasi likazibwa.

Basi barua yetu tumekwisha kuianza. Yaomba sheria ile ya 2022 isomwe barazani kwa Kiswahili, na miswada ijayo ihusuyo fidia ifike kwetu kabla ya kupigiwa kura. Tumeiandika kwa jioni mbili. Kuzunguka kuomba sahihi kwa Wahema, Wabira na Wangiti kumechukua majuma sita, kwa kuwa katika nyumba nyingine ilitubidi kwanza kuketi na kunywa chai, bila kutaja barua. Wasiojua kuandika wametia kidole gumba.