Kadi ya Kusajilia Laini

Nyayo za babu zilikuwa ngumu kama ukoko wa ugali, zimepasuka pande zote. Tulipokuwa watoto tulimsugua kwa jiwe huku akitusimulia safari ya mwaka 1958, walivyotembea kutoka Geita, wakavuka maji, hadi Mwanza kumwona mkuu wa jimbo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewaundia baraza la wilaya la mchanganyiko, ambamo Wazungu na Wahindi, watu wa kuhesabika, walipewa viti. Maelfu ya wananchi wakagoma. Walipiga kambi Mwanza hadi polisi walipowatawanya kwa mabomu ya machozi.

“Moshi ule,” babu alikuwa akisema, “ulinifundisha kulia bila msiba.”

Kura nayo ilikuwa ya wenye nacho. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpigakura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo. Tena alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Babu, mkulima wa pamba asiyejua kusoma, hakuwa na sifa hata moja. Kura yake ya kwanza aliipiga 1962, Tanganyika ilipomchagua Rais.

Miaka mitatu baadaye, Weusi wa Selma, Marekani, nao walipigwa mabomu ya machozi darajani wakidai kuandikishwa kupiga kura. Kwao pia mtihani wa kusoma ulikuwa umewafungia wengi mlango, mpaka sheria ya 1965 ilipoubana.

Juzi nimevuka maji yale yale kwa Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Kilomita tatu, dakika chache, nimekaa kwenye kiti cha basi. Mfukoni nina kadi ya mpigakura iliyochakaa kona. Nimeisajilia laini, nimetolea pesa kwa wakala, nimekopea mbolea. Kituo cha kura haijakiona. Mwaka nilioipata, 2015, siku ya kura ilinikuta ndani ya duara, shimo la dhahabu, huko Nyarugusu, tumeambiwa mwamba uko karibu. Mwamba haukuonekana. Uchaguzi uliofuata niliiona foleni kwa mbali, nikageuza baiskeli.

Mjukuu wangu kaiokota kadi ile mkekani, akaigeuzageuza.

“Babu, hii ni ya laini?”

Nikatazama nyayo zangu, laini ndani ya viatu.

“Ndiyo,” nikamjibu.